Wosia wa Mwanachama: Fungu la Jamaa na Fungu la Hisani

Somo kwa makatibu wa vyama vya msingi na kwa vikundi vya kusoma



Msimu wa kahawa ukiisha kufungwa na orodha ya malipo ya nyongeza ikabandikwa ukutani, hufika katika ofisi za vyama vyetu wageni wa namna moja. Mjane huja na fomu ya chama ambayo marehemu mumewe aliijaza siku alipojiunga. Shemeji yake huja na ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule, umeandikwa "Wosia" juu yake. Nyuma yao huingia mzee wa kanisa au katibu wa msikiti asiye na karatasi yoyote, ila asema kwamba marehemu aliahidi mbele ya watu kuwa sehemu ya fedha zake itawafikia yatima. Wote watatu humtazama katibu, ambaye si hakimu wala si shehe wala si mchungaji, na ambaye mkononi mwake ana ufunguo wa kasha tu.

Ugomvi wa namna hii mara nyingi hauletwi na uchoyo. Huletwa na mtu mwema aliyetaka kuwafaa watu wengi bila kuhesabu. Somo hili lahusu hesabu hiyo: mwanachama atakaye kuwaachia jamaa zake riziki, na papo hapo atoe sadaka kwa zahanati, kwa yatima au kwa nyumba ya ibada, aandike vipi ili fungu moja lisilimeze jingine.

Kwanza, kijulikane kilicho chake

Hakuna awezaye kuusia kitu kisicho chake. Jambo hili ni wazi, lakini ndilo linalovunja wosia nyingi za hisani. Mkulima husema "nyumba yangu", "shamba langu", "fedha zangu", kisha huzigawa zote kama kwamba aliingia nazo duniani peke yake.

Nyumba ya ndoa haimo mikononi mwa mume peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mwanandoa kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa nyumba wanamoishi bila ridhaa ya mwenzake, na yatambua pia kwamba jasho la mke lina sehemu katika mali iliyochumwa na wote wawili. Basi mwanachama akitaka kuiusia taasisi nyumba ambayo mkewe amefyatua matofali yake, hana budi kwanza kukaa na mkewe waamue kilicho cha nani.

Hali kadhalika shamba la ukoo. Huko Kilimanjaro twasema kihamba, na Wahaya nao wana kibanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba haki ya kumiliki ardhi kimila yaweza kurithiwa na yaweza kutolewa kwa wosia. Hata hivyo ardhi ya ukoo ina makaburi na ina macho mengi yanayoitazama. Wanachama wengi wa mkoa wa Kagera waikumbuka kesi ya Holaria Pastory, mwanamke aliyeachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia halali. Alipoona uzee wamlemea na hana wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, alimshtaki, akidai kwamba kwa mila mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo lakini hawezi kuliuza. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba, kwa kuwa Katiba imekataza ubaguzi, mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Ukoo uliachiwa njia ya kulikomboa shamba kwa kurudisha bei iliyolipwa.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, na wanachama wanawake waijue. Lakini tazama pia ilivyokuwa: wosia ulikuwa halali, mrithi alikuwa binti wa kuzaa, na bado ilichukua ngazi kadhaa za mahakama. Je, kituo cha yatima kilicho mjini kitapata nguvu gani ya kupigania nusu eka ya migomba iliyozungukwa na ukoo mzima? Kwa maoni yetu, mwanachama asiusie hisani ardhi ya ukoo. Atoe fedha, au mifugo, au shamba alilolinunua mwenyewe na lenye hati. Na hata hilo, likiwa ndani ya ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ishirikishwe mapema.

La tatu ni madeni. Mkopo wa pembejeo haumaliziki kwa kifo. Gharama za tiba na mazishi pia hutoka kwanza. Kinachobaki baada ya hayo ndicho tutakachokiita hapa salio, na sadaka yote ya wosia yafaa itoke katika salio.

Njia tatu za sheria

Nchini kwetu mirathi haina sheria moja. Mahakama hutazama marehemu aliishi maisha gani: ya kimila, ya Kiislamu, au aliyaacha hayo akafuata maisha mengine, ambapo hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 iliyoletwa Tanganyika wakati wa Waingereza. Katibu asijitie kuamua ni ipi. Yatosha ajue kila njia yasema nini juu ya sadaka.

Kwa wafuatao mila za ukoo wa baba, kanuni ziliandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika wataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika ahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mashahidi hao wawe wajuao kusoma na kuandika, na mke au wake waliopo nyumbani washuhudie pia. Wosia wa mdomo nao wataka mashahidi wanne, wawili wao wakiwa wa ukoo. Uandikwe kwa wino, si kwa kalamu ya risasi, na uwe na tarehe. Ule ukurasa wa shemeji tuliouona mlangoni, uliotiwa sahihi na rafiki mmoja tu, hauvuki hapo.

Kanuni hizo pia hazimruhusu mtu kumnyima mrithi wake bila sababu. Sababu zimetajwa: mrithi aliyezini na mke wa mtoa wosia, aliyejaribu kumwua au kumdhuru vibaya yeye au mama yake, au aliyemtelekeza wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Tena ni lazima sababu itajwe ndani ya wosia. Kwa hiyo mzee aliyekasirishwa na wanawe wasiomwandikia barua, akaamua kuipa misheni mali yote, amewanyima warithi bila kutimiza masharti, na misheni itapokea kesi badala ya mali.

Zipo pia habari ambazo wanaume wengi hawapendi kuzisikia. Kanuni za 1963 zilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, bali fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa isimamiayo mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ililaumu jambo hilo katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania. Mwanachama asingoje mahakama. Anayo kalamu, na mtu wa kwanza kuandikwa katika wosia wake, kabla ya yatima wa mbali, ni mjane wake mwenyewe.

Kwa Mwislamu mipaka ni wazi zaidi. Baada ya mazishi na madeni, wosia hauzidi thuluthi moja ya kilichobaki, isipokuwa warithi wakiridhia baada ya kifo. Wala mrithi mwenye fungu lake hausiwi zaidi bila ridhaa ya wenzake. Thuluthi basi ndiyo mahali pa hisani, na ndiyo mahali pa mtoto wa kulea, ambaye hana fungu katika mirathi ingawa amekula meza moja na watoto wa kuzaa. Atakaye kutoa zaidi aweke wakfu angali hai na mwenye afya, maana atoaye akiwa katika maradhi ya mauti hurudishwa kwenye mpaka wa thuluthi.

Njia ya tatu ina jambo ambalo hata wasomi hulisahau. Sheria ya 1865, kama ilivyotungwa, ilikuwa na kifungu cha 105 kilichosema kwamba mtu mwenye mpwa au ndugu wa karibu zaidi ya huyo hawezi kuusia mali kwa kazi za dini au za hisani, ila kwa wosia ulioandikwa si chini ya miezi kumi na miwili kabla ya kifo chake, na ukawekwa katika hifadhi iliyotambuliwa na sheria ndani ya miezi sita tangu kuandikwa. Watungaji waliogopa kuhani aketiye kitandani pa mgonjwa. Huko India kwenyewe kifungu kilichokirithi hicho kilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2003, kwa kuwa kiliwabagua Wakristo. Hapa kwetu atakayefuata njia hii apate shauri la wakili. Lakini busara iliyomo yafaa kwa wote: wosia wa hisani usiandikiwe wodini. Uandikwe mtu akiwa na nguvu za kwenda shambani, kisha uhifadhiwe mahali rasmi. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ujulikanao kwa jina la RITA, hupokea na kuhifadhi wosia.

Hesabu: sehemu, si kiasi

Tumchukue mwanachama wa kubuniwa. Mwaka alioandika wosia alikuwa na akiba ya shilingi 12,000,000 katika chama cha akiba na mikopo, wala hakuwa na deni. Moyo wake ulikuwa mkunjufu, akaandika: "Zahanati ya kijiji ipewe shilingi 4,000,000, kinachobaki wapewe mke wangu na watoto wangu." Siku ile hesabu ilikuwa nzuri: thuluthi kwa zahanati, na 8,000,000 kwa jamaa.

Ikapita miaka tisa. Kahawa ilianguka bei, watoto wawili walikwenda sekondari, na mwishoni maradhi yakamshika. Siku ya kifo akiba ilikuwa shilingi 7,200,000 na malipo ya nyongeza ya kahawa 800,000, jumla 8,000,000. Mkopo wa pembejeo ulikuwa 1,400,000, tiba na mazishi 1,800,000, jumla 3,200,000. Salio ni 4,800,000. Wosia ukifuatwa neno kwa neno, zahanati yachukua 4,000,000, na mjane na watoto watano wagawana 800,000. Hakuna aliyekusudia hivyo, marehemu kuliko wote. Walakini karatasi haina huruma.

Lau angeandika "zahanati ipewe sehemu moja ya nane ya salio", zahanati ingepata 600,000 na jamaa 4,200,000. Mali ikipanda, sadaka hupanda pamoja nayo. Ikishuka, wote hushuka ngazi moja. Mgao huu ndio tuujuao katika ushirika, ambapo ziada hugawiwa kwa sehemu baada ya akiba na gharama kutolewa, na hakuna mwanachama adaiye kiasi kilekile kila mwaka.

Kama mwanachama huyo alikuwa Mwislamu aliyefiwa na wazazi wake, akaacha mke, wana wawili na mabinti watatu, twaweza kuona uzito wa kila uamuzi. Akiusia thuluthi nzima, yaani 1,600,000, zabaki 3,200,000. Mke apata thumni, 400,000. Zilizobaki 2,800,000 zagawanywa mafungu saba, kila mwana mawili na kila binti moja: mwana 800,000, binti 400,000. Akiusia sehemu moja ya nane tu, zabaki 4,200,000: mke 525,000, kila mwana 1,050,000, kila binti 525,000. Sheria yamruhusu kufika thuluthi, lakini haimlazimishi. Mwenye watoto wadogo na salio dogo atazame tofauti ile ya 125,000 ya mjane, ni karo ya nani na ni mbolea ya msimu upi.

Jina la mpokeaji

Katika hili twaomba makatibu wawe wakali kwa wanachama wawaendeao kwa shauri. "Yatima" si jina. "Kanisa" si jina. Anayepokea urithi lazima awe mtu, au chombo kitambulikanacho na sheria, chenye uwezo wa kumiliki mali na kutoa stakabadhi. Makanisa, misikiti na vituo vingi humiliki mali kupitia wadhamini waliosajiliwa, na jina la wadhamini hao mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye kibao cha barabarani. Mwanachama aende aombe jina kamili kama lilivyo katika hati ya usajili, alinakili herufi kwa herufi.

Zahanati au shule ya kijiji yenyewe haina nafsi ya kisheria. Halmashauri ya Kijiji inayo, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Basi aandike: "kwa Halmashauri ya Kijiji fulani, kwa ajili ya matengenezo ya zahanati ya kijiji hicho." Kisha aongeze mstari mmoja ambao huokoa mengi: ikiwa chombo hicho hakitakuwapo siku ya kifo, fungu lake liende kwa nani. Vituo hufungwa, na vijiji hugawanywa.

Je, aweza kukiusia chama chake cha ushirika? Aweza. Tangu mwaka 1995 kujali jamii kumehesabiwa kuwa msingi wa saba wa ushirika duniani, na mfuko wa elimu wa chama ni mahali pa heshima pa kuweka sadaka. Lakini hapo katibu ajiondoe kabisa. Asiuandike wosia ule, asiushuhudie, asiuweke katika kasha lake. Mwandishi wa somo hili amewahi kumwona katibu mwaminifu akiitwa mwizi na kijiji kizima kwa sababu tu mwandiko wa wosia ulikuwa wake, na mfadhiliwa alikuwa chama chake. Hakuchukua hata senti. Lakini hakuweza kuthibitisha hivyo kwa mtu yeyote, na aliacha kazi. Kwa kanuni hiyohiyo, yeyote atakayepata kitu katika wosia, awe mchungaji, mwalimu wa madrasa au mjomba, asiwe shahidi wake.

Fomu ya chama si wosia

Turudi kwa mjane tuliyemwacha ofisini. Masharti ya vyama vyetu humtaka mwanachama kumtaja mtu wa kupokea hisa na akiba zake akifariki. Fomu hiyo hukisaidia chama kujua kimkabidhi nani, lakini haigawanyi shamba, haimtaji mtoto wa kulea, wala haitoi sadaka. Ubaya ni kwamba hujazwa siku ya kujiunga, husahauliwa, na wosia uandikwapo miaka ishirini baadaye husema jambo jingine. Yumo katika madaftari yetu mwanachama mwenye wajukuu ambaye mrithi wake aliyeandikwa ni mama yake mzazi, naye alikwisha kuzikwa zamani.

Basi anayeandika wosia afike ofisini siku hiyohiyo kulinganisha. Kama sehemu ya akiba yake ya chama imekusudiwa hisani, fomu na wosia visipingane. Katibu abadilishe jina mbele ya mwanachama mwenyewe, kwa tarehe na sahihi, bila kuuliza yaliyomo katika wosia. Na karatasi mbili zikipingana baada ya kifo, Bodi isilipe kwa huruma. Iwaelekeze jamaa Mahakama ya Mwanzo, au mahakama nyingine ipasayo, apatikane msimamizi wa mirathi. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa ndani ya miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni katika Fomu Na. V, na baadaye, kwa vipindi ipangavyo mahakama, hesabu ya mirathi katika Fomu Na. VI. Chama kikiwa na hati ya uteuzi mkononi, kilipe na kupewa stakabadhi.

Mzee wa kanisa naye, yule asiye na karatasi, ajibiwe kwa heshima. Ahadi iliyotolewa mbele ya watu yaweza kuwa wosia wa mdomo ikiwa mashahidi wanne wapatikana na wawili wao ni wa ukoo. Kama hawapo, jamaa waweza kuitimiza kwa hiari yao kutoka katika mafungu yao, na wengi hufanya hivyo wakiombwa kwa upole. Katibu hawezi kuitimiza kutoka kwenye kasha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Mwanachama ana ng'ombe wanne, shamba la ukoo, shamba la kununua na deni la pembejeo: ni kipi kati ya hivyo aweza kukiusia kituo cha yatima bila kuleta kesi, na kwa maneno gani? Katika mfano wa hesabu hapo juu, kama tiba na mazishi vingegharimu 3,400,000 badala ya 1,800,000, kila upande ungepata nini kwa kila namna ya wosia? Ni nani katika kijiji chenu aitwaye kuandika wosia, na je, yeye au taasisi yake hupata kitu ndani yake? Kabla ya mkutano ujao, katibu afungue daftari la wanachama na kuhesabu warithi walioandikwa ambao wamekwisha kufariki, kisha alete idadi hiyo mbele ya kikundi bila kutaja majina.